Dakika Nne za Mama Pacha

Saa tisa kamili alasiri, siku ya Jumanne, Injini alibonyeza kitufe, na Mama Pacha akatokea kando ya meza yake akiwa amebeba karai la nguo. Povu lilikuwa limemfika viwikoni. Karani wa mapokezi, aliyekuwa akimenya chungwa, alinyanyua faili zilizokuwa sakafuni zisije zikalowa.

"Karibu, Mama Pacha."

"Asante, mwanangu." Mama Pacha alitafuta pa kuweka karai, akakosa, akalikumbatia hivyohivyo. "Leo ni ngapi?"

"Kumi na nne, kama kawaida," alisema Injini. Macho yake hayakutoka kwenye kompyuta.

"Haya, dakika nne basi."

Akasimama akisubiri. Maji yalidondoka tone moja moja kwenye zulia. Mlinzi alichungulia mlangoni, akaguna, akasema kwamba kwa mara nyingine mgeni ameingia jengoni bila kusaini kitabu, na akiulizwa yeye atajibu nini? Mama Pacha akamwambia alete hicho kitabu, ila amsubiri yeye afute mikono kwanza. Alipomaliza kusaini, kliniki ya kumi na nne nayo ilikuwa imekwisha, na yeye hakuwepo tena. Zulia lilibaki na duara la maji. Karani akaendelea na chungwa lake.

Ofisi hiyo ilitengeneza programu ya kupanga foleni za wagonjwa. Wateja wake walikuwa kliniki kumi na nne, na kila moja ilitaka ya kwake: hii inataka namba ziitwe kwa sauti, ile inataka wazee watangulie, na kuna moja ambayo haikutaka kabisa neno foleni lionekane, kwa sababu daktari mkuu alikuwa na hakika kwamba kwake hakuna foleni. Kwa hiyo kila programu ilipobadilishwa, hata kama ni herufi moja, mtu alilazimika kufungua tawi la kila kliniki, yaani nakala iliyojitenga na programu mama, aingize badiliko, aandike maelezo, kisha alisukume tawi hilo hadi ghala kuu la mtandaoni, ambako kliniki ilichukua chake. Arudie hivyo mara kumi na nne. Kwa mkono, kazi hiyo ilikula siku nzima, na akifika kliniki ya kumi mtu haoni tena anachokifanya. Ndivyo siku moja kliniki ya macho ilivyopelekewa orodha ya wajawazito, na ikawaita wote kwa majina.

Mama Pacha, enzi hizo akiwa hana hata mtoto mmoja, aliketi wiki tatu akaandika skripti, yaani programu ndogo ya amri zilizopangwa, ya kuifanya kazi hiyo. Aliiandika kwa Python, lugha ya kompyuta, akatumia maktaba moja ya bure inayoiamrisha Git, ile programu inayotunza matawi na kumbukumbu ya nani kabadilisha nini, badala ya vidole vya binadamu. Ilikuwa na mistari mia mbili na kumi. Unabonyeza mara moja, yenyewe inafungua tawi, inaingiza badiliko, inaandika maelezo, inasukuma, inahamia kliniki inayofuata, na wewe umekaa unakunywa chai yako. Juu kabisa kulikuwa na mstari mmoja unaosema nani kaiandika. Chini yake, mstari wa thelathini na mbili na wa thelathini na tatu, Git iliambiwa kazi hii ni ya nani: jina, na barua pepe.

Meza ya pili alikaa bwana mmoja ambaye wenzake walimwita Polepole. Mama Pacha ndiye aliyemfundisha kazi, na alimfundisha kwa subira ya mtu anayemfundisha mdogo wake kufunga kamba za viatu.

Kisha Mama Pacha akaenda likizo ya uzazi, akajifungua pacha, na mfumo ukamfungia nywila kama unavyomfungia kila aliye likizo. Skripti, iliyokuwa ikiingia kwa jina lake, ikagoma. Polepole akaifungua, akafuta jina kwenye ile mistari miwili, akaweka lake. Kwa muda tu, aliwaza, na hapo tusimsingizie, kweli aliwaza hivyo. Kazi zikapanda kwa dakika nne. Meneja akapita, akatazama, akasema, "Aisee! Wewe si Polepole, wewe ni injini." Jina likamganda. Wiki tatu baadaye Injini alifungua tena ile skripti, akafuta ule mstari wa juu kabisa pia. Hilo hatuwezi kumtetea.

Mama Pacha aliporudi kazini hakuwa na sababu ya kuchungulia ndani ya kitu alichokiandika mwenyewe na ambacho kilikuwa kikifanya kazi. Alibonyeza kama wengine. Kila alichokiandika, kwa kuwa kilipitia kwenye skripti, kilipanda juu kwa jina la Injini.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa majedwali. Mwisho wa mwaka aliletewa jedwali linaloonyesha nani kasukuma nini, na jina la Injini lilikuwa na elfu moja mia mbili na sitini, na jina la Mama Pacha lilikuwa na sufuri. Siku ya kikao Mama Pacha alikuwa amempeleka pacha mmoja kuchanjwa. Asiyekuwepo na lake halipo. Meneja akauliza kama kuna mwenye neno. Injini alitazama viatu vyake, akaona kamba ya kimoja imelegea, akainama kuifunga, na alipoinuka watu walikuwa wameshahamia ajenda nyingine.

Barua ya kumwachisha kazi Mama Pacha aliipata Ijumaa. Jumatatu, saa tisa alasiri, Injini alibonyeza kitufe na Mama Pacha akatokea, mwiko mkononi. Alikaa dakika nne. Katika hizo dakika nne alisoma kilichokuwa kikipita kwenye kioo cha kompyuta, akaona jina lililoandikwa kando ya kila tawi, mara kumi na nne.

"Kumbe," alisema.

Injini masikio yalimwaka moto. Alitaka ardhi ipasuke immeze, lakini ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, na chini yao palikuwa na daktari wa meno.

Tangu hapo Mama Pacha alikuja kila skripti ilipowashwa, na aliondoka ilipokwisha. Alichokishika alikuja nacho, na alichokiacha kilibaki nyumbani: siku moja kisu na kitunguu, siku nyingine pacha mmoja mgongoni huku mwenzake akisikika akilia kwa mbali kupitia simu. Watu wa ofisini walizoea. Karani alimwonyesha picha za harusi ya binamu yake. Mlinzi, baada ya kuhangaika sana na suala la mgeni asiyepita mlangoni, alimfungulia ukurasa wake kwenye kitabu cha wageni, wenye safu ya jina, ya saa, na ya sababu ya kuja. Injini alimnunulia kiti. Alidhani kiti kitampunguzia aibu, lakini sasa aibu ikawa inakaa vizuri zaidi, kando yake kabisa, magoti kwa magoti.

Na skripti ilipoharibika, ni nani mwingine angeitengeneza? Injini hakuijua. Alijua kuibonyeza. Tawi la kliniki ya tisa liligoma kupanda siku mbili mfululizo, na Mama Pacha, mtoto akinyonya, akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Hapo. Ghala linachelewa kujibu, na wewe unaendelea kabla halijajibu. Iambie isubiri sekunde mbili."

"Hapa, dada?"

"Chini kidogo. Hapo hapo."

Akaandika. Tawi likapanda, kwa jina la Injini.

"Mistari miwili tu, Injini," Mama Pacha alimwambia siku hiyo, kwa sauti ya chini ili asimwaibishe mbele ya karani. "Rudisha jina langu uone kama utaniona tena hapa. Mimi sitaki kuja. Nimeacha chungu jikoni."

"Dada, nikirudisha, meneja atauliza mbona limebadilika."

"Utamwambia."

"Nitamwambia nini?"

Kliniki ya kumi na nne ikaisha. Mama Pacha akatoweka, akamwacha Injini na lile swali lake mwenyewe.

Wiki moja baadaye alikuja akiwa amesuka. "Nimeitwa kwenye usaili," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja, alitabasamu. "Alhamisi, saa nne asubuhi. Wametafuta jina langu mtandaoni hawakuona kitu, lakini wamesema watanisikiliza. Sasa Injini, nina maneno mawili kwako. La kwanza, Alhamisi asubuhi usiiguse hiyo skripti."

"Siigusi, dada. Haki ya Mungu."

"La pili, watataka mtu wa kuwathibitishia. Nimewapa namba yako."

Injini aligeuka kutazama mlango wa meneja.

"Sikuambii umwambie meneja. Sikuambii ubadilishe chochote. Watu wasiokujua watakupigia simu, watakuuliza skripti kaiandika nani, utajibu. Neno moja. Unaweza?"

Injini alijiona kama mtu aliyeshushiwa gunia begani. Kusema kweli kwenye simu, kwa watu ambao hatawaona, lo, hilo angeliweza hata mara kumi. "Naweza, dada. Nakuahidi."

"Basi mimi nimekwisha kukusamehe," alisema Mama Pacha, na kliniki ya kumi na nne ikaisha.

Jumatano jioni, mama yake Injini, aliyekuwa akiishi na Injini na mke wake, alileta wageni wawili kutoka kwenye kikundi chake ili wamwone mwanawe. "Hebu waeleze, baba, ulivyoitengeneza hiyo mashine," alisema, ameshika kiuno kwa fahari. Injini akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, na kwa kila mfano aliotumia alisikia sauti ya Mama Pacha akimfundisha. Hata ule mzaha wa daktari asiye na foleni ulikuwa wake. Wageni wakacheka sana. Mke wake, aliyekuwa akimimina chai, alimuuliza mbona masikio yake mekundu, anaumwa? Akasema ni joto.

Alhamisi alifika kazini mapema. Alifunga skripti, akafunga na dirisha lake, akaweka daftari juu ya kibao cha herufi kama mtu anayefunika chungu. Simu aliiweka mbele yake, chaji imejaa. Saa tatu na nusu akaenda msalani, akajitazama kwenye kioo, akafanya mazoezi: "Ndiyo, aliiandika yeye. Ndiyo, yote." Ilitoka vizuri. Alijisikia mtu mwema, na hakuwa amejisikia hivyo kwa muda mrefu.

Saa nne na dakika tano meneja aliingia na wageni watatu waliovaa suti.

"Hawa wana kliniki sitini," alisema meneja. "Sitini, Injini! Nimewaambia habari zako. Wanataka kuona kwa macho."

"Karibuni," alisema Injini. "Labda... mchana ingekuwa vizuri zaidi."

"Mchana wanasafiri."

"Mtandao leo uko chini kidogo."

"Mtandao uko sawa," alisema karani, ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Mgeni mmoja alitazama saa yake. Meneja alilisogeza lile daftari pembeni kwa kidole kimoja. "Acha unyenyekevu, bwana. Wabonyezee."

Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema kuna mtu nimemwahidi. Angeweza kujiangusha chini akasema tumbo. Yote hayo yalimpitia kichwani, moja baada ya jingine, na ulimi haukuinuka kulichukua hata moja. Wakubwa wanne walikuwa wakimtazama, nao walikuwa wakitabasamu, na kwa Injini tabasamu la wakubwa lilikuwa zito kuliko kiapo. Akabonyeza.

"...mpigieni sasa hivi, yuko mezani kwake, ameniahidi," alisema Mama Pacha.

Alikuwa amevaa sketi ya bluu iliyopigwa pasi na viatu ambavyo Injini hakuwahi kumwona navyo. Mkononi alikuwa na bahasha ya vyeti. Alimalizia sentensi yake akiwatazama wageni, kwa sababu usoni walifanana na wale aliokuwa akiwaambia. Kisha akaona zulia, akamwona karani, akamwona Injini.

"Na huyu?" aliuliza mgeni mmoja.

"Huyu huja ikiwashwa," alisema meneja. "Hasumbui."

Wageni waliitikia kwa kichwa. Mmoja aliuliza kama kwa kliniki sitini watakuja wengi zaidi au ni huyuhuyu mmoja, na meneja akasema ni huyuhuyu, ila atakaa zaidi. Wakaandika.

Simu ya Injini ikaita.

Wote waliisikia. Ilizunguka kidogo juu ya meza kwa mtetemo, mbele yake kabisa. Mama Pacha hakupaza sauti. Aliikumbatia bahasha yake kifuani.

"Pokea," alisema.

"Pokea tu, bwana, hatuna haraka," alisema mgeni mwenye saa.

Meneja alikuwa amesimama karibu kiasi cha kusikia kila neno litakalotoka upande wa pili. Injini aliinyooshea simu mkono, akaishika, akaigeuza kifudifudi.

"Namba siijui," alisema.

Iliendelea kuita. Tawi la saba lilipanda, la nane, la tisa likasubiri sekunde zake mbili, likapanda. Wageni waliinama karibu na kioo wakasifu. Simu ilikoma, ikaanza tena, ikakoma kabisa. Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mgongo wima, macho ukutani, na ilipokwisha kliniki ya kumi na nne akaondoka vilevile, ameketi.

Kule kwenye usaili alikuta kiti kimeshakaliwa na mwombaji aliyefuata, akamwomba radhi, akatoka. Jopo halikuwa na kinyongo naye. Liliandika kwenye fomu yake: Mwombaji aliondoka bila kuaga. Mdhamini hakupokea simu.

Kesho yake saa tisa alikuja na karai.

"Simu yako ilikuwa mbovu?" aliuliza.

"Dada, wale wageni..."

"Niliwaona."

Injini angefurahi kama angemtukana. Alisubiri matusi dakika zote nne, hata akajiandaa kuyapokea, na Mama Pacha akamwambia tu kwamba ghala linakaribia kujaa, afute matawi ya zamani.

Jumatatu, saa ya chakula, watu walipotoka, Injini alifungua skripti. Mstari wa thelathini na mbili, akafuta jina lake, akaandika la Mama Pacha, lote, bila kukosea herufi. Mstari wa thelathini na tatu, barua pepe. Akatazama. Lilikaa pale kama shati lililorudi kwa mwenyewe. Alikaa akilitazama muda mrefu, na machozi yalimlenga, kweli yalimlenga, tusimnyime hilo. Kisha meneja akapita na sahani yake, akamgusa bega na kusema, "Kliniki sitini, Injini. Tunakupa chumba chenye mlango." Injini akasema asante. Meneja alipogeuka kona, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na mistari ikarudi ilivyokuwa.

Sasa kliniki ni sabini na nne, na skripti haibonyezwi tena; inajiwasha yenyewe kila saa na kuendelea kwa dakika ishirini na moja. Mama Pacha amejipanga. Saa ikikaribia huzima jiko, huwabeba pacha wote wawili, hukaa tayari. Watoto wamejifunza kutembea katikati ya meza za ofisi, wakishikilia viti. Karani amewawekea kikapu cha vichezeo. Kwenye mwongozo wa wafanyakazi wapya kuna sentensi inayosema kwamba skripti ikiwaka atatokea mama, apewe nafasi. Wapya husoma, huitikia, huuliza choo kiko wapi.

Jumatano iliyopita mlinzi alipanda na kitabu cha wageni kilichojaa, akamwomba Injini akipeleke stoo kwa kuwa ufunguo anao yeye. Injini alikifungua akiwa njiani kwenye ngazi. Kurasa za mbele zilikuwa na wageni wa kila aina. Baada ya hapo lilikuwa jina moja tu. Lilianzia juu ya ukurasa likashuka hadi chini, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko uleule wa mtu asiye na haraka, baadhi ya mistari ikiwa na alama ya povu, mingine imechorwa na mtoto. Kwenye safu ya sababu ya kuja, kila mstari aliandika neno lilelile: kazi.

Alisimama pale kwenye ngazi hadi taa ya kujizima ikazimika. Kisha akashuka stoo, akakiweka kitabu kwenye rafu, juu ya vitabu vingine vya wageni, akafunga mlango kwa ufunguo.

Alirudi chumbani kwake saa nane na dakika hamsini na nane. Akavuta kile kiti, akakipangusa kwa kitambaa chake mwenyewe, akakiweka kando ya meza. Saa tisa kamili Mama Pacha akatokea, pacha mmoja huku na mwingine kule, akaketi.

"Asante, Injini," alisema.

"Karibu, dada."

Matawi yakaanza kupanda, moja moja, kwa jina la Injini. Pacha wa kushoto alinyoosha mkono akamshika Injini sikio, akaliachia haraka, akamwonyesha mama yake kidole.

"Moto," alisema mtoto.

"Eeh, mwanangu," alisema Mama Pacha. "Usiliguse."